Watunzi wa simulizi za mapenzi, nimelipia sehemu 40 za ugomvi ambao simu moja ingeumaliza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na baridi kwa pamoja. Huku Uyole, Mbeya, mwezi wa saba vidole vinagoma kwenye simu, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Nimetoka kumaliza simulizi niliyoilipia elfu tatu kwenye grupu la WhatsApp. Mtunzi simtaji, anajijua. Sehemu ya 6 binti anamwona mchumba wake kakumbatiana na mwanamke stendi ya Nane Nane. Analia, anazima simu, anapanda basi la Njombe kwa shangazi. Kuanzia ya 7 hadi ya 38 jamaa anamtafuta. Anakonda, anafukuzwa kazi, anapata ajali Kitonga (hizi simulizi kila mtu lazima aanguke Kitonga, sijui mlima umewakosea nini). Ya 39 tunaambiwa yule mwanamke ni dada yake, katoka Tunduma. Ya 40 harusi.

Elfu tatu yangu!

Kwani angeuliza "yule nani?" angekufa? Kama swali la maneno mawili linamaliza simulizi nzima, hapo hapakuwa na mgogoro, palikuwa na watu wawili wamenuniana. Kidato cha tatu tulikaririshwa migogoro ya nafsi, ya kijamii, ya kiuchumi, tukapata maksi tukaisahau. Ukija kuandika unabaki na mama mkwe mchawi, tajiri wa V8 na mimba ya kusingiziwa.

Sasa niwape cha bure. Kuna dada jirani yangu sokoni, anauza viazi. Miaka minane anapambana na lumbesa (yale magunia ya kujazwa kupita kipimo), ana mkopo wa kikoba, ana wateja wake wa Dar wanaompigia usiku. Mchumba wake anatoka Kyela, kitinda mimba, mama yake mgonjwa na mji unamsubiri yeye. Anataka waoane, wakaishi kule. Hakuna mchawi hapo. Jamaa hawezi kumwacha mama. Dada naye anajua akishuka Kyela ataanza kuomba hela ya chumvi.

Jumapili moja jamaa kaja na mchele wa kwao, kilo kama kumi. Dada akaupokea, akashukuru vizuri tu, akaupima kwa kopo lake pale pale, kopo kwa kopo, akahesabu hela akamlipa. Mchumba wake! Jamaa akaziangalia zile noti, akaziweka kwenye benchi, akaaga. Mpaka tunafunga vibanda zilikuwa pale pale, dada kaziwekea kiazi juu zisipeperuke.

Wakuu, mimi nilisimama pale nikasahau hata kumrudishia mteja chenji.

Maana jamaa alimpendea hicho hicho. Nimemsikia mwenyewe akisifia kwamba huyu mwanamke hasubiri kupewa. Leo hicho hicho ndicho kinamfungia mlango. Huwezi kuwapatanisha kwa kuleta dada kutoka Tunduma. Wanaelewana vizuri sana, ndiyo maana inauma. Yeyote atakayekubali atapoteza kitu ambacho hakirudi, na msomaji hajui amshike nani mkono. Hapo hata mngenitoza elfu tano ningelipa huku nasonya.

Halafu hili la kukatia sehemu. "Mara mlango ukagongwa kwa nguvu... ITAENDELEA." Nalala na presha, kesho nalipia, kumbe ni muuza mkaa! Katieni pale mtu anapotakiwa kuchagua. Zile noti zipo kwenye benchi, jamaa kasimama, dada kashika kopo. Katia hapo uone kama sitakutumia hela kabla hujaomba.

Kuna atakayekuja kusema wasomaji wanapenda hivyo hivyo. Tunapenda nini, wakati hatujapewa kingine? Grupuni kwetu watu walianza kuchoka kwenye sehemu ya 15, wakabaki wanaulizana bei ya parachichi.

Mods, msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho. Na wewe mtunzi, kama unapita humu kimya kimya, ile namba niliyokutumia hela bado iko hewani.