Tupeane uzoefu: losheni na krimu zenye alantoini

Habari zenu wakuu. Maswali ya ngozi kavu, inayowasha na kuchanika yamekuwa mengi, na majibu mengi ni ya wauzaji. Naomba tusikie watumiaji wenyewe kuhusu alantoini. Inapatikana kwa asili kwenye mizizi ya komfri na kwenye ute wa konokono. Hulainisha ngozi ya juu, husaidia magamba yatoke na unyevu ubaki. Ukigeuza chupa, itafute kwa jina la Allantoin.

Nianze mimi. Nafanya kazi saluni, na dawa za nywele zinakausha mikono vibaya. Krimu ya bei ya kawaida yenye alantoini na gliserini, nikipaka mikono ikiwa bado na umajimaji, inatuliza mpasuko. Ila kwa wateja walioacha mkorogo nimeona ikipunguza ukavu tu. Uso ukiwaka moto na kutoa vipele baada ya kuacha krimu zenye steroidi, nawaambia waende kwa daktari wa ngozi. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona wadada wakiteseka wakihangaika na losheni.

FundiMwanza: Sisi wa saruji tunaijua hiyo shida. Nanawa vizuri kwanza, napaka usiku. Ngozi imekuwa laini, ila asipovaa glavu kazini mtu anajisumbua bure.

MamaWawili: Mwanangu alikuwa na wekundu wa nepi. Iliyomsaidia ni krimu yenye zinki pamoja na alantoini, na kumbadilisha mapema. Siwezi kusema ni ipi kati ya hizo iliyofanya kazi.

Kijana_Dodoma: Kwangu muwasho haukuisha. Hospitali wakaona ni fangasi, nikapewa dawa yake. Alantoini haiui fangasi.

WaNyeri: Huku kwetu komfri tunaiita mabaki, tunalisha sungura. Nyanya anaponda majani anapaka magoti. Je, si ni kitu kilekile, tena bure?

Mfamasia: Ndugu WaNyeri, si kilekile. Mmea huo una alkaloidi, yaani kemikali za asili za mmea, zinazodhuru ini. Mwambie nyanya, kwa heshima zote, asiupake penye kidonda au mchubuko, na asiunywe wala kuula. Alantoini ya kwenye krimu nyingi hutengenezwa kiwandani, kwa urea na asidi ya glaioksiliki. Molekuli ni ileile ya kwenye mmea, bila alkaloidi hizo. Kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa sababu tu chupa imechorwa majani. Marekani inaruhusiwa kama kinga ya ngozi kwa asilimia 0.5 hadi 2, kwa hiyo usishtuke ukiikuta chini kwenye orodha ya viambato. Na ina historia: mwaka 1935 William Robinson, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alieleza kuwa imo kwenye majimaji ya funza wa nzi, wale waliokuwa wakitumika kutibu vidonda sugu.

WaNyeri: Asante sana daktari. Nampigia leo jioni.

MamaWawili: Na mwenye mtoto wa pumu ya ngozi je? Wa dada yangu anajikuna mpaka damu, hasa kwenye mikunjo ya viwiko. Aliyewahi kutumia atuambie ilikuwaje, na alipaka pamoja na nini.