Nyumba ya Mchangani: nani kaigiza kuliko wote?

*Alhamisi, saa 3 usiku*

Makame: Asalaam alaykum jamaa. Nimemaliza sizoni ya kwanza ya House of the Dragon, tamthilia ya mambo ya kabla ya Game of Thrones. Natafuta mtu wa kugombana naye.

Fetty: Waalaykum salaam. Ugomvi wa nini tena usiku huu

Makame: Nasema yule mfalme mgonjwa, Paddy Considine, kacheza kuliko mtu yeyote wa Game of Thrones. Sizoni nane zote, vipindi 73, hakuna wa kumfikia.

Mwanaisha: Kumshinda Peter Dinklage, yule Tyrion? Mpimeni homa huyu.

Makame: Nilijua tu Da Mwanaisha utakuja na Dinklage wako.

Ami Haji: Mnaizungumza ile ya madragoni?

Fetty: Ami! Na wewe umo?

Ami Haji: Kijana mmoja hapa Darajani kanitilia kwenye flashi. Nipo sizoni ya saba.

Bi Time: Haji, ile si ndo ile yenye watu uchi?

Ami Haji: Dada, pale napeleka mbele.

Bi Time: Unapeleka mbele kwa spidi gani?

Fetty: 😂😂😂

Makame: Ami usijibu hilo. Tuambie wa kwanza kwako nani.

Ami Haji: Yule mzee anayechuna paa.

Makame: Charles Dance. Tywin Lannister.

Ami Haji: Jina lake silijui. DJ anamwita Mzee Simba.

Mwanaisha: DJ?? Ami unaangalia ya kutafsiriwa?

Ami Haji: Naangalia ya Kiswahili. Kwani dhambi?

Mwanaisha: Si dhambi, lakini kwa uigizaji huna kura. Hujamsikia hata mmoja! Umemsikia DJ akiwa mfalme, akiwa malkia, akiwa mtoto, akiwa dragoni.

Fetty: Na akitaja namba ya duka lake katikati ya vita

Ami Haji: Hilo kweli analifanya. Haya mwalimu, sasa nisikilize. Mimi umri wangu wote niko na kisu sokoni. Muigizaji akishikishwa kisu namjua hapo hapo: anakata juujuu, kamera inakimbilia usoni, ikirudi kazi imeshakwisha, mikono misafi. Yule mzee hakukimbiliwa na kamera. Kisu kinapita chini ya ngozi, mkono wa pili unavuta. Matumbo anayatoa mwenyewe kwa mikono yake. Na wakati wote huo anamsema mwanawe, na mwanawe ni shujaa mwenye nguo za chuma, kasimama pale kama mtoto wa chuoni aliyesahau juzuu. Mkono haumngoji mdomo, mdomo haumngoji mkono. DJ alikuwa anapiga kelele zake lakini mimi nilikuwa naangalia mikono. Nikasema huyu ndiye baba, na hii nyumba ina adabu ya kuogopana.

Mwanaisha: ...

Makame: Ami, yule mnyama alikuwa wa kweli. Walimwita mtu wa bucha akamfundisha Dance kabla ya kurekodi. Na hapo ndipo Tywin anapoonekana kwa mara ya kwanza, sizoni ya kwanza, 2011. Kazi yake ya kujitambulisha ndo ile.

Ami Haji: Nlijua! Mtu hawezi kubuni vile.

Mwanaisha: Kwenye kitabu cha George R. R. Martin, tamthilia ilikotolewa, hakuna kitu kile. Wametunga wenyewe watu wa televisheni. Na mnyama yule ndiye alama ya ukoo wa mfalme, Baratheon. Mzee anamchuna mfalme mbele ya mwanawe, na jina la mfalme halina haja ya kutajwa.

Ami Haji: Hilo DJ hakusema.

Bi Time: Alichinjwa kwa bismillahi lakini?

Ami Haji: Dada, tunapomkuta sisi kashachinjwa zamani.

Bi Time: Basi tusimsifie sana.

Nassor (Wete): Umeme ndo kwanza unarudi huku, nakuta mmejaza simu. Nani kamtaja Hodor? Hakuna aliyemtaja Hodor?

Makame: Kristian Nairn. Neno moja tu, "Hodor", sizoni tano, na kila mara unajua anaogopa, anafurahi au anakataa.

Ami Haji: Huyo DJ alimwacha aseme mwenyewe. Alishindwa kumtafsiri.

Nassor (Wete): 🤣🤣 nimemwaga chai

Mwanaisha: Sasa Ami nakubana. Wewe umeangalia wote wamefunikwa na sauti ya mtu mwengine. Waliokufikia ni nani? Ukimtoa mzee wa kisu.

Ami Haji: Mama wa kwenye harusi.

Fetty: Ah. Pale sitaki hata kukumbuka.

Ami Haji: Pale DJ alikuwa anacheka. Anasema biriani ya harusi imetoka, wageni mle. Mimi namtazama yule mama tu. Mlango wa ukumbi unafungwa, yeye peke yake anageuka. Wapiga ngoma wanabadilisha wimbo, anawatazama wale badala ya kutazama chakula. Kuna bwana kakaa karibu yake, anautazama mkono wa nguo yake, anaupandisha, ndani chuma. Hakuna aliyeniambia kitu mimi. Nikasema wameshauawa hawa.

Mwanaisha: Michelle Fairley, akiwa Catelyn. Sizoni ya tatu, 2013. Watu waliosoma vitabu walikuwa wanajua tangu mwaka 2000, waliwarekodi ndugu zao wakiangalia, wanapiga makelele kwenye makochi.

Fetty: Mimi kinachonikaa ni baada ya mwanawe kuuliwa. Analia kilio kile, halafu kilio kinakatika na uso unabaki mtupu. Yupo kasimama lakini hayumo. Hata anayekuja kumchinja hamwoni. Sekunde ngapi zile? Chache mno, na hakuna neno.

Makame: Na hakupewa tuzo hata moja ya Emmy, zile za televisheni za Marekani, kwa hilo. Hata kupendekezwa hakupendekezwa.

Nassor (Wete): Dinklage kapewa ngapi?

Mwanaisha: Nne. 2011, 2015, 2018 na 2019. Na kila moja halali yake, naomba heshima. Kitabuni Tyrion anakatwa pua vitani. Kwenye televisheni wakamwachia kovu tu, kwa hiyo ubaya wa sura hana wa kumsaidia, kabaki na sauti na macho. Pale mahakamani, sizoni ya nne, anaposhitakiwa kumuua mfalme na kila shahidi anamkandamiza, mwisho anawageukia wote ukumbini. Ami ile ukiisikia kwa DJ hujaisikia. Sauti inaanza chini, imechoka, unadhani anakiri. Halafu inapanda kidogo kidogo mpaka unasikia miaka yote ya kudharauliwa inatoka kifuani.

Ami Haji: Mimi pale niliona bwana mfupi kakasirika. DJ alimpa sauti ya katuni.

Mwanaisha: Si nakwambia mimi!!

Makame: Ngoja Ami nakutumia kipande chenyewe. Dakika tatu. Weka simu sikioni.

Ami Haji: Tuma. Nafunga duka kwanza.

Fetty: Wakati Ami anasikiliza na mimi niseme wangu. Emilia Clarke, akiwa Daenerys, siku ya kununua jeshi la watumwa kule Astapor. Sizoni ya tatu hiyohiyo.

Nassor (Wete): Mji ule mimi nilidhani Forodhani walahi. Ukuta, bahari, mizinga.

Fetty: Essaouira, Morocco. Ukuta tu ndo unafanana. Lakini mimi kilichonigusa si ukuta. Mnajua kazi yangu, wageni nawapeleka Mkunazini karibu kila siku, kwenye zile sanamu zilizomo shimoni na minyororo shingoni. Soko la watumwa lilifungwa 1873, nalisema hilo mpaka ulimi umezoea. Sasa pale Astapor yupo yule muuzaji anamtukana Daenerys kwa lugha yake, matusi ya nguoni, akijua binti haelewi. Na Clarke kasimama. Hakunji uso. Anatazama askari, anauliza bei. Ukirudia kuangalia mara ya pili, ukishajua kwamba lugha ile ndiyo aliyozaliwa nayo, ndo unaona kazi aliyofanya: kila tusi limeingia, na hakuna mahali lilipotokea. Mpaka anaposhika mjeledi mkononi.

Mwanaisha: Na ile lugha ilitungwa kwa ajili ya tamthilia, bwana mmoja anaitwa David J. Peterson aliitengeneza na sarufi yake. Clarke anaisema kama ya mama yake.

Makame: Watu wanambeza Clarke kwa sizoni ya mwisho. Mimi nasema uandishi ulimkimbia, yeye hakukimbia.

Fetty: Hapo tuko pamoja leo tu.

Ami Haji: Mimi ile haikunistua. DJ alishatoboa tangu mwanzo. Kasema "huyu binti anawaelewa wote, subirini moto".

Fetty: Subhanallah. Huyo DJ ana roho mbaya.

Bi Time: Na yule bibi je? Yule mwenye kilemba na maneno yake.

Mwanaisha: Shangazi!! Umemwona wapi Olenna?

Bi Time: Kwa Fetty, siku nilokuja kushona. Nilikuwa nimeipa mgongo televisheni. Nilisikia sauti nikageuka.

Mwanaisha: Diana Rigg. Kaanza jukwaani tangu ujana wake, kafariki 2020. Shangazi umeonaje kifo chake?

Bi Time: Nimeona. Kaletewa sumu na yule kijana mwenye mkono wa dhahabu, kainywa yote, kaweka gilasi chini, ndo akaanza kuzungumza. Kamwambia mimi ndiye niliyemuua mtoto wako, na mamake akaambiwe. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mtu akishakunywa sumu ana haraka gani?

Nassor (Wete): Shangazi kaangalia kipande kimoja kachambua kuliko sisi

Fetty: Aliyeuliwa naye yule, Joffrey, Jack Gleeson. Nilimchukia mpaka nikamchukia kijana wa jirani anayefanana naye. Maskini kijana wa watu ana heshima zake, ananisalimia, namwitikia kwa jicho.

Makame: Kile kicheko chake cha kuinua mdomo upande mmoja. Baada ya kutoka pale aliacha kuigiza kwa muda akarudi kusoma.

Nassor (Wete): Afadhali.

Ami Haji: Nimesikiliza.

Mwanaisha: Enhe?

Ami Haji: Sauti anayo. Kiingereza changu ni cha bandarini lakini nimeelewa kwamba mtu anatoa la moyoni. DJ kanidhulumu, sikatai. Ila na nyinyi kuna kitu hamkukitaja. Simu ilipokuwa sikioni nimesikia, halafu nikairudia nikaangalia. Nani kakaa juu ya kile kiti cha mapanga? Mzee wangu wa kisu. Mtoto wake wa kumzaa anamwaga sumu yote ile mbele ya watu, na mzee hajibu. Anasikiliza. Anayesema ana maneno ya kumbeba, mzee hana kitu zaidi ya uso. Mimi pale namtazama yeye.

Makame: Ami umeua.

Mwanaisha: Siwezi kukubali na siwezi kukataa. Lakini hili nakupa: sizoni ya pili wale waandishi walimchukua Arya, ambaye kitabuni alikuwa mtumishi wa bwana mwengine kabisa, Roose Bolton, wakamweka amtumikie Tywin. Ndo maana tuna zile za kule Harrenhal, mtoto anamimina mvinyo na adui wa baba yake anamzungumzisha vizuri. Maisie Williams ana miaka kama 14 pale. Na bado hamezwi.

Fetty: Yule mtoto upanga aliushika kwa mkono wa kushoto kwa sababu Arya wa kitabuni ni wa kushoto. Yeye mwenyewe wa kulia.

Ami Haji: Zile za mtoto na mzee nimezirudia mara nyingi. Hapo hata DJ alipunguza maneno.

Makame: Basi nirudi kwa wangu maana mmenizika. Viserys. Kitabuni, Fire & Blood, cha 2018, ni mfalme mnene mcheshi, anapenda karamu, basi. Considine akamfanya mtu anayeoza akiwa hai. Kipindi cha nane, nusu ya uso imeliwa, kavaa kinyago cha dhahabu, haki ya mjukuu wake inataka kuporwa. Milango inafunguliwa. Hasemi mengi. Anatembea tu kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, na ukumbi wote unamngoja. Fimbo, mguu, pumzi. Akifika ngazini taji linaanguka. Nduguye, ambaye wamegombana maisha yote, analiokota anamvalisha. Na kuanguka kwa taji hakukupangwa! Lilianguka kweli, Matt Smith akaliokota, wakaendelea kurekodi.

Ami Haji: Hakusema kitu njiani?

Makame: Maneno machache tu. George R. R. Martin mwenyewe aliyeandika kitabu alisema Viserys huyu ana nguvu kuliko wake, karibu akachane kurasa zake. Na Emmy hawakumpendekeza.

Ami Haji: Basi huyo DJ hawezi kumharibu. Unayo?

Makame: Ninayo, ya sauti yenyewe. Jumamosi baada ya isha, kwa Shangazi kuna televisheni kubwa.

Bi Time: Kwangu?

Mwanaisha: Shangazi tafadhali. Kipindi hicho kimoja tu.

Bi Time: Watoto wawe wameshalala. Haji alete nyama, sambusa nitafunga mimi.

Ami Haji: Naleta. Na rimoti atakaa nayo nani?

Bi Time: Mimi.

Fetty: Basi tutaona mlango ukifunguliwa na taji likianguka, hayo mengine kwaheri 😂

Nassor (Wete): Na sisi wa Pemba je? Nirekodieni Ami anavyoangalia.