LaNi5: chupa inavuta hidrojeni nusu, kisha inagoma

Mwulizaji: Wadau, nina gramu 500 za unga wa LaNi5 (aloi ya lanthani na nikeli inayohifadhi hidrojeni) kwenye chupa ya chuma kisichoshika kutu, imesimama wima. Niliiamsha, yaani kuiandaa ianze kuvuta gesi, kwa ombwe, kisha hidrojeni ya bar 30, mara nne. Sasa nikiilisha kwa bar 10 inavuta vizuri dakika chache, halafu inasimama baada ya lita 30 hivi. Unga umekufa, au niongeze shinikizo?

Jibu 1: Bandika kipimajoto kwenye chupa kabla ya kugusa vali. Aloi hii hubeba takriban asilimia 1.4 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 500 zinameza gramu 7, yaani lita 80 na ushee. Kila moli ya H2 inayoingia hutoa takriban kJ 31. Ukijaza yote ni zaidi ya kJ 100, na unga hupitisha joto vibaya mno. Kwenye nyuzi 25 hidridi (aloi iliyokwisha meza hidrojeni) hutulia karibu na bar 2. Ikifika nyuzi 75 inadai bar 10, sawasawa na unayolisha. Hapo lazima igome. Izamishe kwenye maji yanayozunguka, uone itakavyoendelea kuvuta. Wakati wa kutoa gesi mambo hugeuka: chupa inapoa, kwa hiyo maji ya vuguvugu.

Jibu 2: Naunga mkono, ila hiyo kusimama wima inanitia hofu zaidi. LaNi5 ikimeza hidrojeni huvimba karibu robo ya ujazo wake, inapasukapasuka hadi chembe za mikroni chache, na vumbi hilo hushuka chini na kushindiliana. Mzunguko baada ya mzunguko, kitako cha chupa kinaweza kutuna. Ilaze, unga usizidi nusu ya nafasi, changanya na povu la alumini au nyuzi za shaba, na weka chujio la chuma mdomoni. Usiifungue hewani: unga ulioamshwa huwaka wenyewe.

Jibu 3: Ikigoma hata ikiwa baridi, shuku gesi. Monoksidi ya kaboni kidogo tu huziba uso wa chembe. Pasha chupa hadi nyuzi 100 na kitu huku ukipitisha hidrojeni safi, mara nyingi hufufuka. Na kama unataka itumike kwa shinikizo la chini, LaNi4.7Al0.3 (aloi ile ile, alumini ikichukua nafasi ya nikeli kidogo) hutulia chini ya bar 1. Kwa mizunguko mingi ya joto, tia bati (Sn) kidogo badala ya nikeli; aloi ya namna hiyo ndiyo iliyopoza vyombo vya satelaiti ya Planck, iliyorushwa 2009.

Mwulizaji: Kipimajoto kimesoma 71, na hapo ni nje ya chupa. Naitia majini.