Naomba ushauri: chundo ya embe inaniganda kama kashata

Habarini wapendwa. Jirani yetu wa zamani hapa Upanga, mama wa Kigujarati, alikuwa akituletea chundo, ile achari tamu ya embe mbichi, kila msimu wa embe: tamu, kali, nyuzi za embe zinang'aa kama kioo. Amehama, nami sikuwahi kumwuliza vizuri. Najilaumu kwa kweli.

Nimejaribu mara mbili. Embe dodo mbichi kilo 1, nikaparuza kwa matundu makubwa, nikatia chumvi na manjano nikaacha nusu saa, kisha sukari kilo 1. Ilipoyeyuka nikabandika moto mdogo, mwisho pilipili ya unga na uzile niliokaanga nikausaga. Ya kwanza niliipua ikiwa bado majimaji. Wiki moja tu, juu pameota ukungu. Ya pili nikang'ang'ana nayo mpaka shira inavuta nyuzi tatu kati ya vidole. Kesho yake kijiko kimesimama wima, naichimba!

Sasa, niipue shira ikivuta uzi mmoja tu? Na pilipili itiwe ikiwa moto au ikishapoa? Maana yangu imekuwa ya kahawia, si nyekundu ile. Halafu yule jirani hakutumia moto kabisa. Aliianika juani siku kadhaa, mdomo wa chupa kaufunga kitambaa cheupe. Kwa unyevu huu wa Dar, kuna aliyeweza? Nisaidieni, wageni wa Jumapili nimeshawaahidi.