Naomba ushauri: sato kwenye bwawa jirani na Ugalla

Wakuu, habari za leo. Niko Kaliua, Tabora. Nataka kuchimba bwawa la samaki kwenye shamba la mzee, pembeni ya mbuga (bonde la majani linalojaa maji masika) inayomwaga maji mto Ugalla. Kila ninayemuuliza ananiambia niagize vifaranga vya sato (perege wa Nile), wanakua haraka. Sawa, ila masika huku maji yakipanda, bwawa na mto vinakuwa kitu kimoja.

Ugalla unaingia Malagarasi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, na ziwa linatoka kwa Lukuga hadi Kongo. Malagarasi una samaki wenye ndugu zao Kongo. Lakini una na wa kwake, kama karomo, perege ambaye kiasili hapatikani nje ya bonde hilo. Sato akitoroka huzaana na perege wa asili, mbegu inachanganyika, na huwezi kuirudisha.

Kuna anayezalisha vifaranga vya perege wa huku, Tabora au Kigoma? Au nichukue sato madume matupu, ingawa majike wachache huwa hawakosi? Bwawa kulihamishia juu mzee hataki hata kusikia. Waliofuga mbugani, tuta mliinua kiasi gani?