Mliozaa kabla ya siku na mtoto akakosa hewa, tupeane uzoefu

Mama Faiz, Kisauni: Jana kwenye matatu ya Bamburi nimeona mama kampakata mtoto, shingo imelegea, ngumi zimefumbwa, gumba ndani. Nikajua papo hapo ni mtindio wa ubongo, maana Faiz alikuwa vile vile. Abiria wa nyuma akauliza, "Mkubwa hivi bado anabebwa?" Roho iliniuma. Wenzangu semeni.

Bi Time: Mimi pia. Wiki ya 30. Mavyaa akasema nilitembea magharibi na mimba.

Chuchu wa Likoni: Wangu nilimzaa wiki ya 29, ndani ya tuktuk, foleni ya feri. Alitoka kimya. Bluu mpaka midomo, mdogo, leso yote ilimmeza. Muuza mihogo mmoja alikuja mbio, akamfuta pua na mdomo, akamsugua mgongo, akampigapiga nyayo. Wapi! Dereva akashuka anapiga kelele watu watupishe, tukaingizwa mbele ya malori. Katikati ya maji ndipo akatoa kisauti cha paka. Hospitalini wakamtia mashine ya hewa, lakini usiku alikuwa akisahau kupumua, kengele inalia, nesi anamgusa mguu, anaanza tena. Walipompiga picha kupitia utosi wakaona vijishimo kwenye ubongo. Sasa ana miaka minne, maneno hanishindi tu, ananizidi! Ila anatembea kwa ncha za vidole, miguu imekaza.

Mwana Mvita: Ya Rabi! Dereva yule mlimwona tena?

Chuchu wa Likoni: Ndiye anayetupeleka kliniki mpaka leo. Nauli ya kwenda tu, ya kurudi hataki.

Nesi Mstaafu: Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya siku, sehemu dhaifu ni ile nyeupe inayozunguka vyumba vya maji ya ubongo. Nyuzi za neva zinazoendesha miguu hupita hapo karibu kabisa, ndiyo maana akili yaweza kuwa nzima na miguu ikakaza. Bi Time, kutembea magharibi hakuhusiki kabisa.

Baba Swaleh: Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, na kukandwa mafuta ya nazi. Wangu shingo ilipata nguvu.

Mama Faiz: Dua hatukatai, ila usimwambie mtu aache mazoezi ya viungo.

Baba Swaleh: Wapi nimesema aache? Soma vizuri, dada.

Mwana Mvita: Binamu yangu yuko Uingereza, mtoto wake alikosa hewa, akapozwa mwili kulinda ubongo. Wangu wa wiki 32 mbona hakupozwa?

Nesi Mstaafu: Tiba ile kwa kawaida ni ya waliotimiza wiki 36, ianze ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa, iende saa 72. Njiti baridi humdhuru. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Na wenye mimba, uchungu ukija mapema msingoje nyumbani. Kuna sindano ya magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto, na ya steroidi ya kukomaza mapafu. Zote hupewa mama kabla hajazaa.

Kaka wa Changamwe: Mpwa wangu waliambiwa hatatembea. Njooni Jumapili mumwone akinipiga chenga.

Bi Time: Alhamdulillahi, lakini msiseme wote watakuwa hivyo. Wangu ana miaka tisa, hakai bila kushikwa. Akisikia sauti yangu mlangoni anacheka mwili mzima.

Mama Faiz: Chuchu, vile viatu vya plastiki vya kunyoosha nyayo mlitengenezewa wapi?

Chuchu wa Likoni: Nakutumia namba ya fundi pembeni. Mvalishe soksi ndefu kwanza, vinachubua kisigino.