Kaunta yangu ya frikwensi haina desimali, nifanyeje?

Muulizaji:
Wakuu habari zenu. Nimeunda kaunta ya frikwensi kwa chipu ya ATmega328P, saa yake 16 MHz, inafungua geti (muda wa kuhesabu) sekunde 1 inahesabu mawimbi basi. Kwenye megahetzi iko poa ila nikiipa 50 Hz inaruka 49, 50, 49, na mi nataka nione hata 49.98. Geti ya sekunde 10 inanipa desimali moja tu na kusubiri kunachosha. Nibadili chipu?

Jibu 1:
Chipu inatosha kabisa mkuu, geuza hesabu. Usihesabu mawimbi ndani ya sekunde, hesabu tiki za saa (mapigo yake, milioni 16 kwa sekunde) ndani ya mawimbi kamili. Ingiza mawimbi pini ya ICP1 (pini ya kunasa muda), Taima 1, yaani kihesabu tiki cha ndani ya chipu, inanasa namba yenyewe kila wimbi linapopanda, we chukua ya mwanzo na ya baada ya mawimbi 50, toa. Tuseme ni tiki 16,003,200: chukua 50 × 16,000,000 gawanya kwa hiyo, unapata 49.9900. Tiki moja ikizidi jibu linasogea kama 0.000003 Hz tu, na bado umesubiri sekunde 1 ileile!

Muulizaji:
Dah asante sana kaka. Ila Taima 1 si biti 16, haitajaa kabla wimbi halijaisha?

Jibu 1:
Inajaa kila milisekunde 4.096, kwa wimbi la 50 Hz karibu mara 5, so intarapti ya kujaa (kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine taima ikijaa) iwe inaongeza biti za juu. Mtego uko hapa: kunasa na kujaa vikigongana, intarapti ya kunasa inatangulia, biti za juu bado hazijaongezwa, jibu linaruka ghafla kwa tiki 65,536. Ndani ya intarapti ya kunasa angalia TOV1 (alama kwamba taima imejaa), kama imewaka na namba iliyonaswa ni ndogo, ongeza 1 kwenye hesabu ya pale. Na achana na float (namba ya desimali kwenye kodi), ina tarakimu kama 7 tu, tumia uint64_t (namba kamili ya biti 64).

Jibu 2:
Naongezea, desimali nyingi sio usahihi. Kama saa ya bodi yako inaendeshwa na resoneta ya seramiki inaweza kukosea hadi 0.5%, yaani 50 Hz ikasomeka 50.25. Weka kristali, au kama una moduli ya GPS ingiza palsi yake ya sekunde kwenye ICP1 hiyohiyo, tiki utakazopata kati ya palsi mbili ndo uzitumie badala ya 16,000,000. Wimbi linalopanda polepole lipitishe 74HC14 kwanza (chipu inayofanya kingo za wimbi ziwe kali), kelele isikuharibie. Frikwensi za juu baki na njia yako ya zamani, intarapti kwa kila wimbi zitaizidi chipu.